Kwa gari hadi Kuala Sepetang: namna ya kukipata kibanda cha kula kamba kisicho na kibao

Samaki aliyenitia adabu alikuwa chewa wa kilo moja na robo. Ubaoni paliandikwa 12, nami kwa akili ya mwanafunzi mwenye njaa nikasoma ringgit 12 (RM, pesa ya Malaysia). Tulikuwa watatu, tukala mpaka mifupa ikabaki myeupe, tukamsifia mpishi. Hesabu ilipoletwa, chewa peke yake alikuwa RM150. Ile 12 ilikuwa bei ya gramu 100, na maneno yenyewe yalikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Tulichanga hadi sarafu za mfukoni.

Ilikuwa hoteli ya kando ya barabara kubwa, si mbali na Kuala Lumpur, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile nimekuwa nikienda mbali zaidi, kwenye vibanda vya wavuvi, na nimeona kwamba barabara ndiyo sehemu nyepesi ya safari. Mlo hunoga au huharibika kabla sufuria haijapata moto: ni saa uliyofika, na ni pale uliposimama wakati mizani inapima.

Safari ninayoieleza ni ya Kuala Sepetang, kijiji cha wavuvi jimboni Perak, karibu kilomita 300 kaskazini ya Kuala Lumpur. Kijiji kiko ukingoni mwa mto, na kila upande wake ni mikoko: msitu wa Matang, hekta zipatazo 40,000, unaovunwa kwa mpango maalumu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu wa Rufiji, Lamu au Pemba akishuka garini hapo atadhani amefika kwao, maana harufu ya tope na chumvi ni ileile. Ambacho hatakuwa nacho kwao ni mee udang: tambi nene za manjano zilizozama kwenye mchuzi mzito wa kamba, wenye pilipili na utamu wa mbali, na juu yake kamba wenyewe, wakubwa, na maganda yao.

Jina la kibanda sikupi. Ninachokipenda mimi kiko nyuma ya nyumba ya mtu, meza sita chini ya bati, na mwenyewe akiumwa mgongo hafungui. Vya namna hiyo viko vingi, na ukishajua kuvitafuta hutahitaji jina langu.

Kwanza: chagua siku kabla ya kuchagua gari

Vibanda vya kijijini hufunga siku moja katika wiki, na kila kimoja kina siku yake. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Jumanne, nikapokewa na paka. Ukiona namba ya simu kwenye ramani, tuma ujumbe asubuhi ya siku hiyohiyo: "Hari ni buka?" yaani leo mmefungua? Jibu litakuwa neno moja. Buka ni wazi, tutup ni pamefungwa.

Jumamosi na Jumapili watu wa Ipoh na Penang humiminika, na sahani moja ya tambi unaweza kuingoja saa nzima. Ijumaa mchana vibanda vya Wamalay husimama kwa ajili ya swala. Mimi hupenda Alhamisi. Mwezi wa Ramadhani usiende mchana ukitaraji kula kwa Mmalay, na siku zinazozunguka Idd usiingie kabisa barabarani: jiji zima hurudi vijijini, wenyewe huita balik kampung, na foleni yake inajulikana nchi nzima. Mwaka Mpya wa Kichina ni hivyohivyo, tena wavuvi wengi wa Kuala Sepetang ni wa asili ya Kichina, kwa hiyo hata mashua hupumzika.

Kama uliwahi kuambiwa kwamba Novemba hadi Machi si msimu wa kula samaki Malaysia, ujue aliyekwambia alikuwa anazungumzia pwani ya mashariki, Terengganu na Kelantan, ambako upepo wa kaskazini mashariki huchafua bahari na mashua hufungwa. Perak iko magharibi, imekingwa na upepo huo na milima ya katikati ya rasi. Mvua utaipata, maana mji wa Taiping ulio jirani unajulikana kwa mvua kuliko karibu mji wowote wa rasi ile, lakini samaki watakuwepo.

Angalia na mwezi. Ukitaka kuona vimulimuli usiku (nitawafikia), nenda mwezi mchanga au siku za giza.

Pili: makaratasi, gari, kadi

Hapa nitapita haraka. Tangu Januari 2024 wageni wengi hujaza kadi ya kidijitali ya kuwasili, MDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kutua. Ni bure, kwa hiyo tovuti inayokudai pesa si yenyewe. Leseni ya nyumbani ifuatane na kibali cha kimataifa cha udereva, na kibali hicho unakipata nchini kwako kabla ya kusafiri. Ukishafika umechelewa.

Gari dogo linatosha. Myvi, gari linalotengenezwa hukohuko, utaliona kila kona kama ulivyozoea kuiona Vitz Dar es Salaam. Lizungukie, lipige picha kila mkwaruzo, fungua buti uone tairi la akiba lipo. Watu wa Kenya, Tanzania na Uganda hawatapata shida: usukani uko kulia na gari linakwenda kushoto. Ndugu zangu wa Bujumbura, Kigali na Goma, ninyi mjizoeze kidogo kwenye mitaa ya kimya kabla ya kuingia barabara kuu.

Jambo linalowakwamisha wageni ni kadi ya tozo. Kwenye vizuizi vya barabara kuu hakuna wa kumpa noti. Unagusisha kadi ya Touch 'n Go unapoingia, na kadi ileile unapotoka, ndipo mashine ihesabu ulikotoka. Ukitoka kwa kadi nyingine, mashine haijui uliingilia wapi, nawe utadaiwa kana kwamba umeanzia mwisho wa dunia. Uliza kwa mwenye gari kama kadi imo, uiwekee RM100. Itakupeleka na kukurudisha, chenji ikabaki.

Mafuta unajaza mwenyewe. Unaingia dukani kwanza, unataja namba ya pampu na kiasi, unalipa, ndipo unarudi kushika bomba. Ukichomeka kadi ya benki kwenye pampu, benki huweza kuzuia RM200 kwa siku kadhaa hata kama umejaza za 40. Mimi hulipa taslimu. Halafu usishangae bei: tangu mwishoni mwa Septemba 2025 petroli ya RON95 yenye ruzuku ni ya raia wenye kitambulisho chao, iliyoanza kwa RM1.99 kwa lita. Mgeni hulipa bei kamili.

Chukua pesa taslimu za kutosha chakula cha siku nzima. Kijijini utaona karatasi yenye alama za kuchanganua kwa simu, na wenyeji wote wanalipa hivyo, ila mara nyingi inahitaji akaunti au pochi ya simu ya hukohuko. Na chukua deli la barafu. Utanishukuru wakati wa kurudi.

Tatu: barabarani

Saa zote humu ni za Kiswahili, lakini kumbuka kitu kimoja. Rasi ya Malaysia ilisogeza saa zake mbele mwaka 1982 ili zilingane na Sabah na Sarawak, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa 1 na kuzama baada ya saa 1. Ukisema utaondoka saa 12 alfajiri, utaondoka gizani. Mimi huondoka saa 1 kamili, kabla watu wa ofisini hawajafunga njia.

Shika barabara kuu ya Kaskazini–Kusini kuelekea Ipoh. Ni ya tozo, njia pana, na kikomo ni kilomita 110 kwa saa. Kamera zipo, na faini humfuata mwenye gari, naye atakufuata wewe. Utapita Rawang, kisha Tanjung Malim ambako unaingia Perak, kisha Tapah. Hapo pana kituo kikubwa cha mapumziko: choo, chai, matunda, na chumba cha swala wanachokiita surau. Nyosha miguu, unywe teh tarik, chai yao ya maziwa, ila usile. Nasema tena, usile. Nimeona watu wazima wakishiba wali wa nazi Tapah kisha wanafika kwenye kamba wanajilazimisha.

Ukikaribia Ipoh milima ya chokaa huanza kusimama pande zote mbili, meupe na kijani, mingine imechimbwa nusu. Baada ya mji kuna mlima na handaki la Menora. Mwendo unashushwa hapo kwa sababu: kuna miteremko na kona, malori yanashuka yakiwa yamejaa, na mvua ikinyesha lami huteleza. Tia gia ndogo, kaa kushoto, waache wenye haraka wapite.

Toka kwenye njia ya Changkat Jering, gusisha kadi, kisha fuata vibao vya Simpang na baadaye Matang. Tangu kwenye kizuizi hicho hadi kijijini ni mwendo wa nusu saa hivi. Barabara inakuwa ya kijiji: michikichi, nyumba za mbao zilizoinuliwa kwa nguzo, pikipiki zinazotokea kushoto bila taarifa, na kenge wanaovuka kwa maringo. Matuta huitwa bonggol na mara nyingi hayana rangi.

Vibao vichache vitakusaidia: utara ni kaskazini, selatan kusini, keluar ni njia ya kutokea, awas ni hadhari, kurangkan laju ni punguza mwendo, lencongan ni njia ya mchepuko, beri laluan ni mpishe mwenzako. Na kuala, neno utakalolisoma kila mahali, ni mlango wa mto. Kuala Lumpur yenyewe ni mlango wa mto wenye tope. Ukiwa unatafuta chakula cha baharini katika nchi hii, anza na ramani: tafuta majina yanayoanza na Kuala, Bagan au Tanjung, yaani mdomo wa mto, mahali pa kufungia mashua, na rasi. Wavuvi hawakai mbali na majina hayo.

Nne: simama Matang, dakika ishirini tu

Kabla ya kijiji, Matang, kuna ngome ndogo ya Ngah Ibrahim, aliyekuwa mkubwa wa eneo hili enzi za madini ya bati. J.W.W. Birch, mwakilishi wa Waingereza, aliuawa Perak mwaka 1875, na kesi iliyofuata ilisikilizwa hapa. Ngah Ibrahim na Sultani Abdullah walipelekwa uhamishoni Shelisheli. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo, maana ni visiwa vilevile ambavyo Waingereza walikuja kumpeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, na baadaye Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja. Bahari yetu ni moja, hata kwa magereza yake.

Basi, ingia garini. Saa 6 mchana uwe umekaa, kabla ya watu wa mchana.

Tano: kukitafuta kibanda

Ramani ya simu itakupeleka kwenye mikahawa mikubwa yenye maegesho ya mabasi. Si mibaya. Lakini wewe umekuja kwa kingine, na hiki hutafutwa kwa macho na mdomo.

Endesha hadi barabara inapoishia, kwenye gati za mbao. Egesha gari mahali ambapo hutaziba mlango wa mtu, kisha tembea. Angalia mambo mawili: samaki wanashushwa wapi, na pikipiki zimeegeshwa wapi. Magari mengi ya namba za mbali maana yake ni jina kubwa mtandaoni. Pikipiki nyingi zenye vikapu maana yake ni kwamba wenyeji wanakula hapo. Tazama na maganda chini ya meza: kamba wa leo maganda yake yanang'aa.

Halafu uliza, na usiulize "mkahawa mzuri uko wapi", maana utaelekezwa kwa shemeji. Uliza "Mee udang, pakcik makan mana?" yaani mjomba, wewe tambi za kamba unakula wapi? Pakcik ni mjomba au baba mdogo, kwa mwanamume mtu mzima. Makcik ni shangazi. Mwanamume anayekuzidi kidogo mwite abang, mwanamke mwite kak. Kwenye duka la Mchina hata wasiojua Kiingereza hujibu wakiitwa uncle na auntie. Kama kwetu, ukianza na heshima ya undugu mlango hufunguka. Ukianza na simu iliyonyooshwa usoni, unaelekezwa kwa ufupi.

Kwa Waislamu, hili ni la kuangalia mapema. Kijiji chenyewe ni cha Wachina kwa wingi, na jikoni zao nyingi hupika nguruwe pamoja na kamba. Vibanda vya Wamalay viko zaidi kwenye njia ya kuja, kuanzia Matang, mara nyingi uani kwa mtu. Kwenye hoteli tafuta nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Kwenye kibanda kidogo nembo inaweza isiwepo, hapo utamtazama mama mwenyewe na kumuuliza. Hakuna atakayekasirika.

Sita: mizani

Hapa ndipo RM150 zangu zilipotea, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Sahani ya mee udang kwa kawaida ina bei ya sahani, na bei hupanda kwa ukubwa au idadi ya kamba. Hiyo haina mtego. Mtego uko kwa vitu vinavyouzwa kwa uzito: samaki mzima, kaa, kamba wakubwa, ngisi. Bei yake inaweza kuandikwa kwa kilo, kwa gramu 100, au isiandikwe kabisa, paandikwe harga semasa, bei ya wakati uliopo. Bei ya wakati uliopo si wizi, kwani bahari haina bei moja. Lakini ni mwaliko wa kuuliza.

Fanya hivi. Kabla hujakaa, nenda kwenye barafu au tangi. Sema, "Hari ni ada ikan apa?" Leo kuna samaki gani? Watakutajia siakap, samaki mweupe wa kwenye vizimba vya mtoni, kerapu, ambaye ni chewa, bawal, samaki bapa wa mviringo, pari, ambaye ni taa, tenggiri, ambaye ni nguru. Kamba ni udang, kaa ni ketam, ngisi ni sotong. Wale chaza wadogo wenye ganda jembamba wanaitwa lala, na mara ya kwanza mama aliponiuliza "lala?" nilimjibu kwamba sijachoka.

Chagua kwa mkono wako. Jicho la samaki liwe limejaa, shavu liwe jekundu. Kaa mnyanyue: aliye mzito kuliko umbo lake ana nyama, mwepesi ametoka kujibambua. Kisha useme maneno matatu ambayo laiti ningeyajua mapema: "Tolong timbang dulu." Tafadhali pima kwanza. Simama pale ukiangalia namba. Uliza "Sekilo berapa?" kilo bei gani, halafu "Semua sekali berapa?" jumla yote ngapi, na uhakikishe jumla hiyo ina gharama ya kupika, maana baadhi huhesabu samaki peke yake na upishi peke yake. Kama bei ni kwa gramu 100, zidisha kwa kumi kichwani kabla ya kutikisa kichwa. RM12 ni RM120 kwa kilo. Sema namba hiyo kwa sauti. Muuzaji mwaminifu atakubali bila kuona haya, na wengi wao ni waaminifu.

Samaki mkubwa si lazima. Watu wawili wanashiba kwa samaki wa gramu 600, sahani ya ngisi na wali. Muuzaji akikuonyesha mkubwa, mwambie "yang kecil", yule mdogo.

Saba: namna ya kuagiza upishi

Bakar ni kuchoma, goreng ni kukaanga, kukus ni kupika kwa mvuke, masak lemak ni kupika kwa tui. Asam pedas ni mchuzi wa ukwaju na pilipili, na sehemu nyingine hutiwa mbirimbi. Ndiyo, mbirimbi, zile za achari yetu. Wao huita belimbing buluh, na jina letu linatokana na lao, pamoja na mti wenyewe uliovuka bahari. Limau nalo huitwa limau, ingawa huko mara nyingi wanamaanisha ndimu, na meza huitwa meja, kwa sababu Wareno walipita kwao kama walivyopita kwetu.

Ushauri wangu, na hapa ni ladha yangu tu: samaki mbichi kabisa mpike kwa mvuke au umchome, usimzike kwenye mchuzi. Kaa ampate pilipili. Ngisi akaangwe haraka. Pilipili yao ni kali, na tamu kwa wakati mmoja, kwa hiyo sema "kurang pedas" ukitaka kidogo. Usiwe na aibu. Hata mimi wa Tanga nimewahi kulia machozi mezani.

Kuna kerang, wanaofanana na kombe wa Unguja, hufugwa kwenye tope la mlango wa mto huu. Wenyeji huwapenda wakiwa wamechovywa tu kwenye maji moto, damu ikiwa bado inaonekana. Mimi huomba wachemshwe hasa. Mwaka 1988 mjini Shanghai watu wapatao 300,000 walipata homa ya ini aina ya A kutokana na chaza wa jamii hiyohiyo waliopikwa nusunusu. Utamu wa dakika moja haunitoshi kwa hilo.

Mee udang yenyewe huja ikiwa moto, na kitunguu cha kukaanga na kipande cha ndimu. Kamulia ndimu. Kamba wale kwa vidole, unyonye vichwa, hapo ndipo mchuzi ulipotoka. Tumia mkono wa kulia. Kinywaji ni teh o ais limau, chai ya rangi yenye barafu na ndimu, au maji ya dafu wakiwa nayo. Ukimaliza sema "Kira, kak," dada piga hesabu. Bakshishi si desturi yao. Mwachie chenji ukipenda, lakini anaweza kukukimbiza kukurudishia.

Nane: mchana na usiku

Nusu ya raha ya kijiji hiki iko nje ya sahani. Karibu na gati, pembeni ya mgahawa wa kahawa, kimebaki kibao cha stesheni ya zamani ya Port Weld, jina la kijiji wakati wa ukoloni. Mwaka 1885 reli ya kwanza ya Malaya ilifunguliwa kati ya hapa na Taiping kwa ajili ya kusafirisha bati. Reli haipo tena. Kibao kimeandikwa kwa lugha kadhaa, pamoja na Kimalay kwa herufi za Kiarabu, kama mababu zetu wa pwani walivyokuwa wakiandikiana barua.

Kisha nenda kwenye matanuri ya mkaa. Mikoko ya Matang huvunwa kwa mzunguko wa miaka 30: huachwa ikue, hupunguzwa katikati, hukatwa, hupandwa tena. Magogo hubanduliwa magome, hukatwa mita 1.6, na kusimamishwa ndani ya matanuri ya udongo na matofali yenye umbo la mzinga. Kuchoma na kupoza huchukua karibu mwezi mzima, na mafundi hujua hatua ya moto kwa harufu ya moshi unaotoka matunduni. Kwetu mikoko ilikuwa boriti, za majahazi ya kwenda Uarabuni. Hapa ni mkaa, na sehemu yake huuzwa hadi Japani. Omba ruhusa kabla ya kuingia, uvae viatu vya kufunga, na usiguse ukuta.

Vimulimuli wako Kampung Dew, juu kidogo ya mto, kwenye miti ya berembang. Mashua huondoka giza likishaingia, baada ya saa 1:30 usiku. Vaa mikono mirefu kwa sababu ya mbu, na uzime taa ya simu. Mti mzima unapowaka na kuzimika kwa pamoja, kamera ya simu haitaona kitu, kwa hiyo iweke mfukoni.

Usirudi Kuala Lumpur usiku huo. Lala Taiping, dakika 25 tu, hoteli zake ni za bei ya kawaida, na asubuhi utembee kwenye bustani ya ziwa, machimbo ya zamani ya bati yaliyogeuzwa bustani mwaka 1880, ambako miti mikubwa imeinamisha matawi yake juu ya barabara hadi majini.

Kama una siku moja tu

Achana na Perak. Nenda Kuala Selangor, kilomita 70 hivi kutoka Kuala Lumpur, kijiji cha Pasir Penambang ng'ambo ya mto. Chakula ni kizuri, watu ni wengi, na mizani ni ileile. Mchana panda kilima cha Malawati ukawaone nyani wa kijivu, usiku kuna vimulimuli Kampung Kuantan. Ukiwa na saa mbili za ziada endelea hadi Sekinchan, ambako mashamba ya mpunga yanaanza pale bandari ya samaki inapoishia.

Tisa: vya kubeba

Kamba wabichi wanunue asubuhi ya kuondoka, si jana yake, uwafukie kwenye barafu ndani ya lile deli. Chakula kilichobaki sema "bungkus", watakufungia. Kijijini huuzwa pia uduvi mkavu na belacan, ambao ni uduvi uliosagwa kwa chumvi na kuanikwa juani mpaka ukawa kama tofali la rangi ya zambarau. Kipande kidogo kinatosha sufuria nzima ya mchuzi. Kifunge kwenye mifuko mitatu, kisha kwenye kopo lenye kifuniko, na ukiweke buti. Mimi nilikiweka chini ya kiti, na mwenye gari alinipigia simu wiki mbili baadaye kuniuliza nilisafirisha nini.